Adelino na alama ya X kwa mama mkwe

Jua la asubuhi limeanza kuchoma Mtaa wa Mikoroshini, pembezoni mwa Mtwara mjini, na Adelino Jaime anatembea kinyumenyume kuelekea kwa mama mkwe wake. Mkono mmoja umeshika kopo la rangi nyekundu, mwingine brashi. Majirani wametoa viti nje.

"Kulia kidogo, mkwe wetu," anaelekeza Mzee Sudi, jirani. "Utakalia jiko la watu."

Adelino, mwenye miaka 34, ni kibarua wa halmashauri. Anachora X kwenye nyumba zitakazopisha barabara na mifereji, sehemu ya dira ya miaka ishirini inayotaka mtaa huu uwe na viwanja vilivyopimwa, maji ya bomba na makazi yasiyofurika. Mwenye nyumba yenye X ameahidiwa fidia na kiwanja upande wa juu, kusikotuama maji.

"Mimi dira hii naiamini," anasema. "Masika sufuria zangu zinaelea chumbani. Lakini nikipita na kopo, hata salamu hawaitikii. Mtoto akilia anaambiwa nyamaza, Adelino wa X huyo anakuja."

Analipwa shilingi 15,000 kwa siku, mradi kazi isonge. Hapa Mikoroshini imekwama wiki nzima. Wakazi wamempa sharti moja: aanze na nyumba ya mama mkwe wake, Bibi Odete, ambayo nayo iko kwenye njia ya barabara hiyo mpya. Akishindwa, halmashauri itampa mtu mwingine kibarua hicho.

"Tukiiona X kwa mkwewe, tutajua hakuna upendeleo," anasema Mzee Sudi. Kisha anacheka. "Na tulijua hathubutu."

Katika familia yao, iliyotokea Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni wala kuchungulia uani kwake. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mke. Ndiyo maana Adelino anaingia uani kwa mgongo.

Kisigino kinagusa ukuta. Anapitisha brashi juu ya bega, anachora, anashusha pumzi. Viti vyote vinalipuka kwa kicheko.

X ameichora kwenye choo, ambacho barabara haikigusi kabisa.

Bibi Odete anatoka na kusimama nyuma ya bintiye, Ines, mke wa Adelino.

"Ines, mwambie mumeo, barabara yao hiyo inapita chooni kwangu tu?"

"Adelino, mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie mama anisamehe, sikuwa naangalia."

"Mama, anasema..."

"Mimi si kiziwi. Muulize, hicho kiwanja kipya kitakuwa karibu na nani? Mimi sihamii kwa watu nisiowajua."

Adelino anatazama viatu vyake. Nyumba yake nayo imo barabarani. "Mwambie nitaomba viwanja viwe jirani. Chake na chetu."

Ines amekwishaacha kupeleka ujumbe. Anawatazama tu, mmoja baada ya mwingine.

"Basi achore," anasema Bibi Odete hatimaye. "Na achore vizuri, sitaki ya kupindapinda kama ile ya chooni. Mimi naingia ndani, ageuke atazame anachofanya."

Adelino anageuka. Anachora taratibu, mistari miwili iliyonyooka. Kabla rangi haijakauka, Mzee Sudi amekwishasimama.

"Haya, njoo kwangu. Yangu isiwe ndogo kuliko ya Odete."

Kufikia adhuhuri, nusu ya mtaa imechorwa. Jioni Adelino anapitia kwa afisa mipango miji kuomba viwanja viwili vinavyopakana, na ombi linapokelewa. Sasa anadunduliza kwa ajili ya saruji, na ramani ya nyumba anayo tayari kichwani.

"Halmashauri kwenye mpango wake imeweka shule, zahanati na bustani," anasema nyumbani, akichora kwa kidole kwenye vumbi. "Mimi nimeongeza mlango wa nyuma. Mama akija kumsalimia Ines kwa mbele, mimi natokea huku bila kumvunjia heshima."

Ines, anayechambua mchicha pembeni, hainui kichwa.

"Na mama naye ameniambia mlango wake uwe nyuma, asikutane nawe," anasema. "Mtakutana huko huko."