Samli ya Mama Mkwe

Kwa miaka mingi nimeuza supu na chapati karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, pembeni mwa mji wa Geita. Wateja wangu ni wachimbaji, na supu isiyoelea mafuta wao huiita maji ya kunawia. Basi nikawa naipika ya mafuta, na nilichopika ndicho nilichokula. Asubuhi chapati mbili, mchana utumbo, na nikikaanga maini nilionja mpaka nikashiba.

Maumivu yalinishika Jumapili moja baada ya sherehe ya kipaimara kwa jirani. Yalianzia chini ya mbavu, upande wa kulia, yakapanda mpaka begani. Nikadhani ni vidonda vya tumbo. Nilimeza dawa, yakapoa, nikala, yakarudi. Mwishowe mume wangu alinipeleka hospitali, nikapigwa altrasaundi.

"Una vijiwe kwenye kifuko cha nyongo," daktari akaniambia. Alikuwa mama wa makamo, hana haraka. "Ukila mafuta mengi, kifuko kinajikamua, ndipo unapoumia."

"Nikiacha mafuta vitayeyuka?"

"Chakula hakiviyeyushi. Lakini kinaweza kukupunguzia maumivu. Yakizidi, ukipata homa au macho yakiwa ya njano, usikae nyumbani, njoo. Huenda tukazungumzia upasuaji."

Nilimwuliza kuhusu dawa niliyoelekezwa sokoni, ya kunywa mafuta ya kula na maji ya limao ili vijiwe vitoke. Alitikisa kichwa. Alinikataza pia kushinda njaa. Nile kwa wakati, kidogo kidogo, mboga na maharage kwa wingi, na nyama isiyo na mafuta.

Kibandani nikaanza kula maharage ya kuchemsha mbele ya sufuria la utumbo. Mchimbaji mmoja, mteja wangu wa kila siku, aliniuliza sababu, na nilipomweleza akasema, "Mama, sisi tunahangaika kuyatafuta mawe chini ya ardhi, kumbe wewe unayo tumboni." Nilicheka, ingawa kucheka kwenyewe kuliniuma.

Baada ya mavuno, mama mkwe akaja kututembelea. Anaishi kijijini, mbele kidogo ya Mhunze, na alisafiri kutwa nzima akiwa amepakata chupa ya samli. Aliitengeneza mwenyewe, kwa maziwa aliyoyatikisa kwenye kibuyu asubuhi nyingi. Nilimpokea, nikapiga goti nikamwamkia, naye kabla hata ya kukaa akanikabidhi ile chupa kwa mikono miwili.

"Hii ni yako," akasema. "Umekonda."

Sikuweza kumwambia. Kumkatalia mama mkwe samli ni kama kumfungia mlango. Kila alipoimimina kwenye mboga yangu, nilisubiri ageuke, nikabadilishana bakuli na mume wangu. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Siku ya tatu aligeuka mapema.

Aliacha kula, akanawa mikono. Kesho yake asubuhi nilimkuta anakunja kanga zake na kuzitia kwenye mfuko.

"Shikamoo mama. Mbona unafungasha?"

"Marahaba. Nimekuja kula chakula chenu, nimekula. Chakula cha kijijini kimekushinda, siyo kosa. Mmekuwa watu wa mjini."

Nikakaa chini kando yake, nikamweleza yote: sherehe, bega, altrasaundi, vijiwe. Nikashika pale panapouma. Alisikiliza huku ameshikilia kanga moja mapajani.

"Mume wako anajua?"

"Anajua."

"Na mimi ndiye wa kufichwa?"

"Niliogopa utaona nakudharau, mama."

Aliilaza ile kanga pembeni. Halafu akaanza kucheka taratibu, mpaka mabega yakatikisika. "Mwanangu, unajua nikishatoa siagi kwenye kibuyu, yale maziwa yanayobaki nampa nani? Nawapa ndama na watoto. Samli ni ya mgeni wa heshima. Kumbe mgeni wangu alitakiwa kunywa ya ndama."

Akafungua mfuko, akazirudisha kanga msumarini. Siku ile alipika yeye. Alikuwa amekuja na nsansa, majani makavu ya kunde, ambayo siku zote huyaunga kwa karanga zilizotwangwa. Safari hii akaweka nyanya, kitunguu na maji, akaonja, akakunja uso, akaongeza chumvi. Tulikula na ugali wa mtama. Majani hayakuwa na utamu ule wa karanga, lakini nililala bila kuumwa. Akakaa wiki mbili.

Sasa kila mwezi hunitumia mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, navyo ndivyo ninavyonywea chai badala ya chapati. Kibandani bado nauza supu ya mafuta, maana biashara ni biashara, ila nina sufuria dogo la supu niliyoengua mafuta, na wapo wachimbaji wachache wanaoiulizia.

Vijiwe vipo palepale. Tangu wakati ule nimeumwa mara moja tu, na kosa lilikuwa langu: sambusa tatu kwenye harusi ya ndugu huko Ngokolo. Nilimpigia simu mama mkwe nikaungama. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama zilikuwa tamu, nikamwambia zilikuwa tamu sana.