Mume Wangu na Vidonge vya Mama

Mama alihamia kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, kwa sababu ya bandama. Kule Ushetu, alikolima tumbaku mpaka mgongo ukapinda, bandama ilimvimba hadi majirani wakaanza kumpongeza kwa mimba, na wakati huo alikuwa bibi wa watu. Alimeza klorokwini, akanywa mizizi, tumbo likaendelea kukua. Mwishowe nikampeleka hospitali kubwa ya Mwanza. Walimtoa damu, wakatuambia ni saratani, na imo humo humo kwenye damu.

Mama akauliza kama inaambukiza kuku.

"Haiambukizi," daktari akasema.

"Basi afadhali," mama akajibu, akajifunga kanga yake vizuri.

Hatukupewa sindano wala kitanda. Tulipewa kichupa cha vidonge vya kumezea nyumbani, vidogo kama mbegu. Mama akakitumbukiza kwenye kopo alilozoea kuwekea dawa zake zote, aspirini, klorokwini na za minyoo, zikichanganyika kama kande. Daktari, mtu mpole asiyecheka, alinyoosha mkono akakitoa.

"Hiki kikae peke yake, mama. Vidonge hivi vinauzuia uboho wa mifupa usitengeneze damu ovyo. Vikizidi, vinauzuia hata kutengeneza ile unayoihitaji."

Kisha akanieleza mimi, polepole, akinitaka nirudie kila neno. Ameze asubuhi, saa ile ile, kidonge kizima, kisisagwe wala kutafunwa. Akisahau leo, kesho asimeze viwili. Akikitapika, asimeze kingine badala yake. Damu ipimwe kila mwezi, hata kama anajisikia mzima. Akipata homa, hata ndogo, au fizi zikitoka damu, asimeze tena, aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Alipomaliza akalitazama tumbo langu.

"Na wewe mwenye mimba, usiviguse kabisa."

Nilikubali yote. Tulipofika nyumbani ndipo nikaona tatizo. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mikono ilimtetemeka. Asubuhi ya kwanza alijaribu mwenyewe, kidonge kikaanguka sakafuni, na kuku nusura akifikie kabla yetu. Mimi nilikatazwa kugusa. Aliyebaki nyumbani ni mume wangu, na mume wangu alikuwa mkwe wake.

Kwetu sisi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Tangu mama ahamie, mume wangu akirudi kutoka kiwanda cha kuchambua pamba alianza kukohoa akiwa bado barabarani, ili mama apate nafasi ya kuingia chumbani. Mtaa mzima uliamini ana kifua kikuu.

Mume wangu aliwaza siku nzima, kisha akatengeneza utaratibu. Asubuhi alikidondosha kidonge kwenye kifuniko cha kichupa bila kukigusa, akaweka kifuniko na kikombe cha maji juu ya kigoda mlangoni kwa mama, akakohoa, akageuka kuutazama ukuta. Mama alifungua mlango, akapapasa, akameza, akakigonga kikombe kwenye kigoda. Mlango ukafungwa. Mume wangu akaenda kunawa kwa sabuni. Miaka ile sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, kwa hiyo kipande chetu kilikuwa cha kunawia vidonge tu. Vyombo nilivisugua kwa majivu.

Bandama ilianza kupungua. Habari zikafika Nyarugusu, ambako mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa akichimba dhahabu. Akaja, vumbi la shimo bado liko masikioni, akasema na yeye tumbo linamsumbua, apewe vidonge kidogo.

"Hivi ni vya damu yangu," mama akamwambia. "Wewe nenda ukapimwe ya kwako."

Kabla ya hapo mama hakuwahi kumnyima mdogo wake kitu. Mjomba aliondoka amenuna, akaenda kupimwa, akakutwa na kichocho.

Kisha uchungu ukanishika, nikapelekwa wodi ya wazazi hapo Shinyanga mjini. Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili, kila mtu kwa wakati wake, na hawakupishana sana.

Asubuhi mume wangu aliweka kigoda, akakohoa, akageuka. Kikombe hakikugongwa. Kwa kuwa mimi sikuwapo kupeleka maneno, akaamua kuongea na ukuta.

"Ukuta, muulize mama mbona yuko kimya."

"Ukuta, mwambie mkwe nimelala. Nina baridi kidogo."

"Ukuta, muulize kama ni homa."

"Ukuta, mwambie si homa. Ni hali ya hewa."

Ilikuwa kiangazi. Hata mbwa walikuwa wamejilaza kwenye mitaro wakitafuta ubaridi. Mume wangu akarudisha kidonge kwenye kichupa.

"Mama," akasema, "usimeze. Naingia kukuchukua."

Mama aliniambia kwamba homa haikuwa imemtisha. Alichotishika nacho ni kusikia ukuta umerukwa.

Akaingia. Akamgusa paji la uso, lilikuwa la moto. Mama akajifunika kanga usoni, ili walau mmoja wao asione. Kwenye keria ya baiskeli hakuweza kujishikilia, na kiuno cha mkwe hakishikiki, basi mume wangu akamfunga mgongoni kwake kwa kitenge, kama mtoto, akaendesha kupitia katikati ya soko mpaka hospitali. Watu wazima walimpisha na kutazama pembeni kwa heshima.

Alipofika kwangu wodini, akiwa amemwacha mama kwa madaktari, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Alimtazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Nimembeba mama yako," akasema.

"Umembebaje?"

"Mgongoni."

Nililia, na nesi akadhani ni kwa ajili ya mtoto.

Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka mno. Vidonge vilisimamishwa, akachomwa sindano za kuua vijidudu, homa ikaondoka. Daktari alisema kidonge kimoja kisichomezwa na kutosubiri hata siku moja ndivyo vilivyomwokoa. Damu ilipopanda, akarudishiwa vidonge kwa kipimo kidogo zaidi.

Mjomba akaja tena, safari hii kwa ajili ya desturi. Akasema mkwe achinje mbuzi, ukoo usafishwe.

"Achinje," mama akasema. "Lakini nitamla pamoja naye, sahani moja."

Wakala. Mume wangu alimwachia maini. Kuanzia kesho yake kifuniko kiliingia moja kwa moja kwenye kiganja cha mama. "Wabeja," alimshukuru kila asubuhi kwa Kisukuma, na mume wangu akaenda kunawa.

Mama aliishi mpaka mtoto yule akaanza shule. Halafu vidonge vikaacha kufanya kazi, na daktari akatuambia wazi. Mama akataka arudi Ushetu. Mume wangu aliomba likizo kiwandani, akafuatana naye, na siku zile za mwisho ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, kwa kuwa mama alikubali kulishwa naye tu. Mzee mmoja wa ukoo akamwita pembeni, akamuuliza ni mila gani hiyo, mkwe kumlisha mama mkwe.

"Ana njaa," mume wangu akamjibu, akarudi ndani.