Ukili Wenye Mianya

Mimi sikurudi Maramba kusuka ukili. Nilirudi kulala. Baada ya miaka yangu yote ya kupiga chapa na kupanga mafaili katika ofisi moja mjini, pale Raskazone, nilijiapiza kwamba nikistaafu nitakwenda kwenye shamba walilotuachia wazazi, nitalala mpaka jua liniunguze miguu, na asiyependa ashike njia yake. Nikalala kweli. Haukupita muda usingizi wenyewe ukanichoka. Watoto wangu wako mbali na simu zao za "mama tutaongea baadaye," baba yao alikwisha tangulia, na mihogo haihitaji mtu wa kuitazama ikikua. Kwetu ikishafika alasiri hakuna la kufanya isipokuwa kukaa barazani uone nani kapita na pikipiki ya nani.

Jirani yangu ndiye aliyenionea huruma. Kati yake na mimi palikuwa na mstari wa migomba tu. Yeye alikuwa Mdigo, ameolewa pale kutoka vijiji vya upande wa Horohoro, mjane kama mimi. Mimi ni mtoto wa Kishambaa. Baba yangu alishuka milimani kuja kukata mkonge, akatuachia shamba, kitabu cha nyimbo za Kilutheri na hasira. Shamba tuligawana na ndugu zangu. Hasira nilichukua mimi zote.

"Shoga," akaniambia siku moja, kasimama kwenye migomba mkono kiunoni, "wewe utaota kutu hapo. Njoo ukae na wenzio."

Wenzio walikuwa yeye peke yake, redio yake, birika la chai ya mchaichai, na furushi la ukindu uliokwisha anikwa ukawa mweupe. Akanitupia majani machache mapajani. Akanionyesha namna ya kuyachana kwa msumari yawe membamba, kuyalowesha kidogo yasikatike, kisha kuyapitisha moja juu moja chini mpaka utoke utepe mrefu. Huo utepe ndio ukili. Ukishapata kili za kutosha unazishona ubavu kwa ubavu, ukapata mkeka. Kusikia ni rahisi hivyo hivyo.

Mikono yangu ilizoea mashine ya kuandikia. Nilisuka ukili wangu wa kwanza nikauinua juu kwa majivuno, naye akautazama, akafunga jicho moja, akachungulia kupitia humo kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Nakuona," akasema. "Yakhe, huu si ukili, hiki ni chandarua. Ukili wa watu ukimwagia chai, chai inakaa juu. Wewe ukisuka kikapu tukaenda nacho kununua mchele, tutarudi na kikapu."

Niliutupa uani, nikaenda zangu kwangu, nikafunga mlango kwa kishindo. Kesho yake alasiri nilikuwa pale pale kwenye jamvi lake. Ukili wangu alikuwa ameuokota, kafungia nao mlango wa banda la kuku.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mchana kila mtu na jembe lake, alasiri ukindu. Tulisuka tukisikiliza matangazo ya vifo redioni, tukiulizana kama marehemu ni yule tunayemjua au mwingine. Tulisuka tukigombana, na mimi nikigombana pia na kuku waliokuja kuchakura ukindu. Yeye akisema Washambaa ni wachoyo, mimi nikisema Wadigo hawajui kunyamaza, na wote wawili tulikuwa tunasema kweli. Mwezi wa Ramadhani nililetewa futari kabla hata hajaonja yeye. Krismasi alikuja kula wa kwanza akaondoka wa mwisho, na akasema pilau yangu haina bizari. Mkono wangu ulibaki mlegevu vile vile. Mikeka mizuri aliisuka yeye. Mimi nilisuka vya kufungia mabanda.

Kisha akaanza kukonda. Alisema ni vidonda vya tumbo, akanywa mwarobaini. Wapwa zake wakaja wakampeleka hospitali mjini, akarudi na vidonge vya maumivu na maneno machache. Hakuniambia siku ile. Aliniambia alasiri iliyofuata, mikono yake ikiwa kazini.

"Wamesema niende nikapumzike nyumbani," akasema. "Unajua maana yake."

"Maana yake upumzike," nikamjibu.

"Shoga, wewe si mjinga. Usijifanye."

Akanionyesha majani aliyokuwa akisuka. Nilikuwa nimeona ni meupe matupu, hayana zambarau wala kijani, nikadhani rangi zimemwishia. Kwao, mwanamke anayejiheshimu haendi kaburini na mkeka wa dukani. Anausuka mwenyewe angali na mikono, mweupe, anaukunja anauweka juu ya kabati, na maisha yanaendelea. Siku yake ikifika, akishalazwa kaburini na kuwekewa mbao, mkeka ule hutandazwa juu ya mbao ili mchanga usipenye ukamwangukia. Wake alikuwa ameshausuka zamani. Lakini binti yake wa pekee alimtangulia, ghafla, na binti mdogo nani anamsukia mkeka wa namna hiyo? Akampa wa kwake. Sasa alikuwa anasuka mwingine, na mkono wa kushoto umeanza kuvimba.

"Nisaidie," akasema. "Zimebaki kili chache. Peke yangu sitawahi."

Nilisimama kwa nguvu nikapiga teke birika, chai ikamwagika jamvini. Nikamwambia sisuki. Nikamwambia asuke na majini yake, asuke na mashetani, mimi mtoto wa Kilutheri sisuki sanda ya mtu anayekunywa chai mbele yangu. Nikamuuliza ndugu zake wako wapi.

"Wako Mombasa, wako Dar," akasema taratibu, akiinua birika. "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nawe uko karibu."

Nikaenda kwangu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu moja ya kitoto kichwani na nikaishikilia: mkeka usipokwisha, hataondoka. Mtu kama yeye hawezi kuondoka bila mkeka wake, ataona aibu. Basi nikakaa na mikono yangu mapajani, siku kadhaa, nikimwokoa.

Lakini migomba haizuii macho. Alasiri moja nilimwona kakaa peke yake, redio imezimwa, mkono wa kushoto kaulaza chini kama kitu cha mtu mwingine. Ncha ya ukili ameiuma kwa meno, na mkono wa kulia unasuka. Jani linamponyoka, analiokota. Linamponyoka, analiokota. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikapita kwenye migomba sijui hata kama nilivaa viatu.

"Lete hapa," nikasema. "Unauharibu."

Akautoa mdomoni. "Nilijua utakuja. Hasira zako hazifiki magharibi."

Nikasuka. Nilisuka nikilia, na ukilia huoni, na usipoona mkono unalegea. Wangu ulikuwa mlegevu tangu hapo. Yeye alimaliza ukili wake wa mwisho akiwa amelala ubavu, mimi nikamaliza wa kwangu, tukauweka mmoja kando ya mwingine. Lo! Wake umebana kama kitambaa. Wangu mwanga unapita. Nikashika ncha ili niufumue nianze upya.

"Uache," akasema.

"Una mianya."

"Naiona."

"Nitaufumua nisuke tena. Nitausuka vizuri."

"Wewe una muda wa kufumua. Mimi sina," akasema. Akanitazama, akaona nimevunjika, basi akarudi kwenye utani wake, maana hakuwa na dawa nyingine ya kunipa. Akauchukua ukili wangu, akafunga jicho moja, akachungulia. "Huu ushone juu, upande wa uso. Nipate pa kuchungulia. Nikuone unavyogombana na kuku."

Tukacheka. Tulicheka mpaka akashikwa na maumivu. Niliushona pale aliposema, yeye akiwa ameweka kidole mahali pa kupitisha sindano, na tulipomaliza akasema mkeka ni mzuri. Niliukunja mwenyewe nikauweka juu ya kabati.

Alifariki asubuhi, nikiwa nimempelekea uji. Uji wenyewe ulikuwa bado wa moto.

Wapwa wakaja, wanawake wa kwao wakaja, nyumba ikajaa. Wale wanaohusika wakaingia kumwosha, nami nikakaa uani na mkeka mapajani, nikisubiri wakati wake. Hapo ndipo nilipouona vizuri, juani. Nikaona kila mwanya. Kidole changu cha mwisho kilipita kwenye mmoja. Nikawaza: mchanga. Utani ulikuwa utani, yeye alikuwa hai na sisi tulikuwa tunacheka, lakini mchanga haujui utani. Mchanga utapita hapa, hapa juu ya uso.

Nikaomba sindano. Nikachukua nyuzi za ukindu nikaanza kuziba, nikivuta na kukaza. Nilikuwa nimeziba sehemu ndogo tu waliposimama wanaume wa msikitini mlangoni, na mpwa wake akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, mkeka unahitajika," akasema.

"Bado."

"Mama, watu wamesimama. Anasubiri."

Kama angesema watu tu, wangesubiri mpaka jua lizame. Lakini alisema anasubiri. Nikakata uzi kwa meno nikampa.

Kwao wanawake hawaendi makaburini. Nilijua, na hata hivyo nilifika hadi barabarani, Mlutheri mimi na kitenge changu kichwani, mpaka bibi mmoja akanishika mkono akasema, "Basi, mwanangu, tuwaachie." Walikwenda na jeneza begani haraka haraka, na mkeka wetu alikuwa ameubeba mtu wa nyuma kwapani. Hivyo ukili wangu ulikwenda mahali ambapo mimi sikuruhusiwa kufika. Watu waliponiona nalia wakanipa pole kwa kufiwa, na mimi nikaitikia, nimeshapoa. Sikuweza kumwambia mtu kwamba nalilia mianya.

Masika yalishuka wiki ile ile. Wengine wanafurahi mahindi yatastawi. Mimi kila mvua ikianza nafikiria kitu kimoja tu, na hakuna wa kumwambia, kwa maana aliyekuwa anaambiwa mambo yangu ya kipuuzi ndiye aliyeko chini.

Nimerudi kwenye ukindu. Wapwa waliniachia furushi lake na redio. Nasuka kila alasiri, nafumua, nasuka tena, muda ninao, alivyosema. Kuku nawafukuza kimya kimya siku hizi, sigombani nao.

Juzi nilimaliza ukili mmoja mweupe. Niliuinua nikafunga jicho moja, sikuona kitu. Nikaulaza juu ya jamvi, nikainua kikombe changu, nikaumwagia chai. Chai ikakaa juu. Haikupita hata tone. Nikabaki nimeinamia pale, mvua inapiga mabati, nikimlaani Mungu na kumwomba radhi papo hapo, kwa sababu huu, huu hapa, ndio niliopaswa kumfunika nao uso.