Siku Nyanya Alipomficha Kaka

Juzi kijana wa sensa aliingia kwetu Mikelenge, akanionyesha kadi yake kabla sijaiomba. "Kuiona hii njo haki yako, mama," alisema. "Na yote utanijibu itabaki siri. Lakini usifiche muntu wa nyumba." Rafiki yangu, neno hilo lilinirudisha mbali.

Miaka ya vita nilikuwa msichana wa kutwanga mpunga. Alasiri michi yetu na ya jirani iliitikiana juu ya uzio wa matete, na vumbi la pumba likitujaa kwenye nywele. Jirani alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, rika la kaka yangu; wawili hao walikuwa wakivua pamoja mtoni.

Siku moja watu wa bunduki walikuja na mkubwa wa mtaa. Walisema wanahesabu watu ili wagawe chumvi, na ladha ya chumvi tulikuwa tumeshaisahau. Nyanya hakuwaamini. Alimsukuma kaka nyuma ya magunia ya mpunga, akawaambia, "Tuko wawili tu, mimi na huyu binti." Walipoelekea kwa jirani, nilimtazama nyanya. Angeweza kuita, angeweza hata kukohoa. Aliinama akaendelea kupepeta. Tukasikia jirani akijibu kwa furaha: "Tuko wawili! Mimi na kijana wangu, iko mukubwa sasa."

Chumvi haikuja. Wao ndio waliorudi, wakamchukua yule kijana akawabebee mizigo porini. Hatukumwona tena.

Tangu hapo, kila nyanya alipopika sombe, majani yetu ya muhogo, bakuli la kwanza, lenye mawese mengi na samaki mkubwa, nililipeleka kwa jirani. "Nyanya yako iko na moyo muzuri," aliniambia. Nilipomfikishia nyanya maneno hayo, aliacha kula. Karibu na kufa kwake alinishika mkono, akasema, "Niliogopa wangenisikia."

Leo kaka ana watoto wanaojaza nyumba. Niliwataja wote kwa kijana wa sensa, kisha akavuka kwa jirani. Matete hayako tena, wala michi haisikiki siku hizi. Mpunga wote tunaupeleka mashineni. Nilisimama mlangoni.

"Muko wangapi, mama?"

Yule mama mzee alimuuliza, "Wenye hawakurudi, munawaandika?"

"Hapana, mama. Wenye kulala hapa tu."

"Basi niko peke yangu."

Niliingia ndani haraka, kabla mama yule hajageuka akaniona.