Pikipiki Ndefu na Jina la Baba Mkwe

Nayasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wanawake wa Magara, maana wao chumvi wanayotia kwenye hadithi ni nyingi kuliko wanayotia kwenye samaki. Ni kweli: nilimtaja baba mkwe wangu kwa jina lake, asubuhi kweupe, kwa sauti ya mwadhini, soko zima likisikia, kisha nikalala chali juu ya ndagala zake, wale dagaa wa ziwa letu. Aibu ninayo. Ila hasira ninayo zaidi, na mkisikiliza mtajua inamhusu nani.

Mnajua kwetu mkaza mwana hataji jina la baba mkwe. Tangu niolewe sijawahi kulitamka, hata yule muuza sukari wa mtaani kwetu Rumonge, ambaye naye ni Bakari, mimi namwita "yule wa duka la kijani".

Sasa, mimi nanunua samaki Magara na kuuza Rumonge, na kila siku nilikuwa nafika na taksi wakati wenzangu wameshachukua wazuri, nabakiwa na waliopondeka. Zamu yangu ya kupokea pesa za likirimba, mchango wetu wa akina mama wa kupeana kwa zamu, ilipofika nikasema basi, nanunua pikipiki, naendesha mwenyewe. Mume wangu yuko Uvira kikazi, kwa hiyo neno la mwisho nyumbani ni la baba yake, naye akaweka sharti: "Nenda Magara, nunua samaki, rudi. Ukianguka, pikipiki iko ya Saidi, na wewe utakaa na mutoto." (Pesa yangu, jasho langu, halafu iwe ya Saidi! Nilikubali kwa sababu sikuwa na mpango wa kuanguka.)

Saidi ni shemeji yangu, na ndiye aliyenisindikiza Bujumbura kuchagua. Muuzaji, mzee mmoja mpole, akanionyesha pikipiki mbili. Moja ilikuwa ndogo, fupi, kiti chini, ina mahali pa kuweka miguu mbele. "Madamu, kaa kwanza kwenye hii." Nikakaa, nyayo zote mbili zikatua chini, nikajisikia kama niko kwenye kigoda changu jikoni. Ningelipa pale pale nikaenda zangu. Lakini Saidi akacheka.

"Shemeji, hiyo iko ya masista! Umesoma sekondari yote ile ili upande kigari cha mutoto?"

Vijana wawili waliokuwa wakifunga gurudumu nao wakacheka, na mimi mtu akinicheka masikio yanaziba. Nikasema, "Nipeni ile ndefu." Nilipoikalia vidole vya miguu viligusa chini kwa shida, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani. Muuzaji akatikisa kichwa. Saidi akasema imenipendeza.

Kuendesha nilijifunza haraka, hilo halina ubishi, gia na klachi nilizielewa kuliko wanaume wengi ninaowaona barabarani. Tatizo lilikuwa kupanda na kushuka. Nilikuwa napanda kutoka kwenye baraza ya nyumba, nazunguka mtaa, narudi kusimama kando ya baraza ile ile, naegemeza mguu. Bila baraza, sisimami. Saidi aliliona hilo kila siku na hakusema neno.

Siku yenyewe baba mkwe alitangulia Magara na Saidi, kwa sababu ana vichanja vyake vya kuanikia ndagala pale, na alitaka kushuhudia. Mimi nikaondoka barazani, nikapita Minago kama upepo, watu wananipungia, nami najibu "Amahoro!" kwa madaha, na kichwani nina mpango: pale soko la samaki kuna ukuta mfupi, nitasimama pale.

Nafika, ukuta wote umekaliwa na wanawake na mabeseni yao.

Nikapitiliza. Nikageuka mbali kule, nikarudi, bado wamekaa. "Amahoro!" nikawaambia, nikapita tena. Mara ya tatu mmoja akapiga kelele, "Ehe! Mama Zaituni anatuonyesha! Shuka basi, tumeshaiona!" Ningesemaje? Ningepunguza mwendo kuwaomba wasogee, ningelala chini, na Saidi alikuwa amesimama pale amekunja mikono, anangoja.

Hapo ndipo baba mkwe akaingia njiani. Mjue kwamba babu yake alikuja Rumonge na Wadachi, Wajerumani wale wa zamani, akiwa askari, na kila mgeni nyumbani kwetu lazima aambiwe kuwa babu huyo hakuwahi kumpisha mtu njia wala kukimbia mzinga. Kwa hiyo mjukuu wake anatembea katikati ya njia, daima, na siku hiyo alikuwa amenipa mgongo. Nikabonyeza honi, ikawaka taa. Nikaita, "Baba! Baba!" Wanaume wote wa Magara wakageuka isipokuwa yeye.

"BAKARI WEE, TOKA NJIANI!"

Mjukuu wa askari wa Wadachi aliruka kama chura. Mimi nikakamata breki zote kwa pamoja, gurudumu likala mchanga, na mimi na pikipiki tukalala polepole kwenye kichanja cha ndagala, nyingine zikaniingia ndani ya hijabu.

Mwanamke mmoja ukutani: "Mungu wangu! Amemutaja baba mukwe!"

Saidi alikuwa ameshafika, mkono umenyooka. "Baba, umeona? Ameanguka. Shemeji, nipe ufunguo."

Nikainuka na magamba usoni. "Miguu yangu haifiki chini, baba. Saidi anajua tangu siku ya kununua. Alinicheka ili nichague nisichokiweza."

Baba mkwe akamtazama mwanawe. "Ulijua?"

Saidi akawa anaangalia ziwa.

"Angenigonga, hangeanguka," baba mkwe akasema, akijikung'uta mchanga. "Kesho Saidi atarudisha hii kwa muuzaji, alete ile ndogo. Iko ya mama Zaituni." Akachukua fimbo yake, akaenda hatua chache, akageuka. "Na lile jina, usilizoee."

Nilimpelekea jogoo kumwomba radhi, akampokea, tukamla wote, Saidi akapewa shingo.

Leo nafika Magara mapema kuliko wote, nyayo mbili chini, nachagua samaki ninayemtaka, na hao wavuvi wakiniona wanapiga kelele "Bakari wee!", waache wapige. Nimeapa: sichagui tena kitu cha kukalia kwa kicheko cha asiyekikalia. Na baba mkwe, nikipiga honi nyuma yake (ni kitufe cha chini, nimeshahakikisha), anapisha njia bila hata kugeuka.