Wiebe na Dirisha la Bi Hillegonda

Wiebe Postma anajua kila kitu kuhusu Amsterdam, na asichokijua anakitunga palepale, juu ya baiskeli, bila kupunguza mwendo. Miaka mingi sasa kazi yake ni kuwazungusha wageni mjini kwa baiskeli nyekundu, kila mgeni na kofia ngumu kichwani kama anayeshuka machimboni. Sisi wenyeji, ambao hatuvai kofia hizo hata barabara ikiwa barafu tupu, tunawapisha huku tukiwalaani kimoyomoyo. Nasema kimoyomoyo kwa heshima yenu wasomaji. Kwa kawaida tunawalaani kwa kengele na kwa mdomo.

Zamani alikuwa mwalimu wa jiografia, mpaka wanafunzi walipomchosha, au yeye alipowachosha wao. Habari hiyo ina pande mbili. Mkewe alihamia Groningen na hakuacha hata sufuria. Wiebe anaishi chumba cha juu kwa dada yake, anavaa kaptula hadi Novemba, na mkate wake wa jibini anaula akiwa anaendesha, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukiwaonyesha wageni kanisa. Ni mtu mwema, ukimpata amenyamaza.

Kituo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mtaani kwetu, mbele ya dirisha la Bi Hillegonda. Mtaa wetu uko kando ya mfereji, madirisha makubwa, ya chini, na mapazia hayafungwi mchana wala jioni, kwa sababu sisi ni watu safi tusio na la kuficha. Ila mpita njia hatazami ndani. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, wala hakuna anayeivunja. Ukikua hapa, shingo yenyewe inajifunza kukaa mbele. Mgeni haelewi kwamba dirisha limeachwa wazi ili asitazame. Hatumlaumu. Tunamchukia tu.

Basi Wiebe, naye akiwa mwenzetu, alikuwa akisimama pale, analigeuzia dirisha kisogo kwa adabu zote, halafu anawaambia wageni kumi na kitu watazame ndani. Mle, aliwaambia, anaishi mjane wa nahodha wa mwisho wa zile meli za kale zilizoleta pilipili kutoka Asia, bado anamngojea. Bi Hillegonda alikuwa karani wa tramu mstaafu. Alikuwa akinywa kahawa yake huku akitazamwa kama samaki wa kwenye tangi, na siku alipopata habari za nahodha, aliitisha kikao cha mtaa. Yeye ndiye mwenyekiti wetu. Manispaa ilikwisha kusema kwamba wakazi wakipiga kura ya kukataa, misafara haitapita tena.

Wiebe akajua kibarua chake kimeanza kuota nyasi. Mwajiri wake, kijana aliyezaliwa Wiebe akiwa tayari na kipara, alimwambia wazi kwamba wageni wanalipia madirisha, si makanisa. Mtaa ukifungwa, yeye atabaki stoo kujaza matairi upepo. Katika umri wake, kazi nyingine angeipata wapi? Akaenda kumbembeleza bibi mlangoni.

"Nasikia umeniozesha nahodha," Bi Hillegonda alimwambia. "Marehemu mume wangu alikuwa fundi bomba, na alikuwa anaogopa maji. Tutaonana kikaoni, baba."

Kabla kikao hakijafika, asubuhi moja Bi Hillegonda akapanda kiti kufuta kioo cha juu. Kiti kikateleza. Akaanguka sakafuni, nyonga ikavunjika, sauti ikakauka. Alikuwa amelala hatua mbili kutoka dirishani, pazia wazi, taa inawaka. Mtaa mzima ukapita kwenda kazini na shuleni. Akapita Diederik, daktari wa meno na jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Wakapita akina mama na watoto wao kwenye baiskeli zenye sanduku la kubebea watoto mbele. Wote shingo mbele. Adabu tupu.

Mvua ilikuwa inanyunya Wiebe alipofika na msafara wake. Akasimama mahali pake, akaligeuzia dirisha kisogo, akaanza kutia chumvi. Mama mmoja kutoka Napoli, Assunta jina lake, akanyoosha mkono. Wiebe akamwambia maswali ni mwishoni. Akanyoosha tena.

"Mama, nimesema mwishoni. Nahodha bado hajaondoka bandarini."

"Nahodha wako asubiri," Assunta akasema. "Mke wake yuko chini sakafuni, na hajakaa vizuri."

Wiebe akageuka. Mtu wa miaka hamsini na kitu, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama ndani ya nyumba ya mtu kupitia dirishani.

Ufunguo wa akiba, mtaa wote unajua, alikuwa nao Diederik, kwa ajili ya kumwagilia maua bibi akisafiri. Wiebe akaendesha hadi kwenye kliniki yake pale pembeni. Diederik, vidole vikiwa kinywani mwa mgonjwa, akamwomba kwa upole apange miadi. Yeye angekuwa na nafasi baada ya chakula cha mchana. Hapo ndipo Wiebe alipopiga ukelele ambao mtaa wetu haujausahau, na ufunguo ukapatikana bila miadi. Assunta alimfunika bibi kwa koti lake, akamshika mkono, akamsemesha Kiitaliano hadi gari la wagonjwa lilipofika. Hospitalini walisema angekaa vile mpaka jioni, tungekuwa tunapanga kahawa ya mazishi.

Kikao kiliahirishwa mpaka mwenyekiti aweze kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Tulikutana ukumbi wa shule, kahawa na biskuti moja kwa kila mtu, kisha kopo la biskuti likafungwa. Wiebe alikuwa ameitwa kujitetea. Aliketi karibu na mlango, mikono magotini, anasubiri hukumu yake.

Diederik alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri sana. Tunashukuru kwa yaliyotokea, alisema, lakini jambo moja lisichanganywe na lingine; nyumba ni siri ya mtu, na hatuwezi kuishi huku tukichunguliwa. Tukaitikia kwa vichwa. Ni kweli, jambo moja lisichanganywe na lingine.

Bi Hillegonda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nimelala pale, nawaona vizuri," alisema. "Diederik, ulipita unapiga mluzi. Ukarudi kuchukua mwavuli, ukapita tena. Machteld, wewe mwenye duka la maua, ulisimama kabisa mbele ya kioo changu, ukajitengeneza nywele. Nilikupungia mkono, mwanangu. Nilikupungia mpaka mkono ukachoka."

Machteld akaanza kulia, bila sauti.

"Mna adabu sana nyote. Nilikuwa nakufa kwa adabu zenu. Na wewe Wiebe pale mlangoni, usijione umepona. Ulinipa kisogo ukawa unapiga domo kuhusu pilipili."

Wiebe hakutunga hata kisingizio kimoja. Kwake yeye, hilo ni tukio la kihistoria.

"Haya, tupige kura," Bi Hillegonda akasema. "Anayetaka watu wasitazame tena madirishani kwetu, anyooshe mkono."

Akatutazama usoni mmoja baada ya mwingine, bila haraka, jinsi ambavyo sisi hatutazamani. Hakuna mkono ulionyanyuka. Hakuna hata aliyeweza kumtazama.