Inchi Mbili za Mama Cherehani

Kuna watu Mungu amewaumba na jicho lisilovumilia kitu kilichopinda, na fundi huyu alikuwa mmoja wao. Akija kwako kunywa chai, kabla hajakaa atakuwa ameshainyoosha picha ukutani, amekisogeza kiti kilichokaa upande na amekuwekea sawa kola ya shati bila kukuomba ruhusa. Ndiyo maana mtaa mzima, na baadaye mkewe pia, wakamwita Nyoosha. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Gereji yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya mashine ya kusaga, lakini lilikuwa safi kuliko majiko ya watu wengi ninaowafahamu, na sitawataja kwa kuwaheshimu. Spana zilitundikwa ukutani kwa mpangilio, ndogo hadi kubwa, na nyuma ya kila moja alichora umbo lake kwa rangi nyeupe ili ajue ipi haijarudi. Bampa zilizobonyea zilitoka pale zimenyooka. Milango iliyogoma ilifungika kwa kusukumwa na kidole. "Kitu kikipita mkononi mwangu," alipenda kusema, "hata kikifa, kitakufa kimenyooka." Mafundi wenzake walimcheka sana kwa maneno hayo, lakini magari yao wenyewe waliyapeleka kwake.

Jumanne moja asubuhi aliletewa gari dogo la kijani likisukumwa na wanaume wanne, na nyuma yao akifuata mwenyewe, Mama Cherehani. Huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane, mwenye mguu wa kushoto mfupi tangu kuzaliwa na ulimi mrefu tangu alipojua kusema. Gari lile alikuwa nalo miaka ishirini na miwili na hakumruhusu mtu mwingine alishike usukani. Kisa chake alikijua kila aliyewahi kupimwa nguo kwake, kwa sababu mtu aliyezungukwa na futi kiunoni hawezi kukimbia. Zamani, alikwenda kujifunza udereva, mguu ukashindwa kufikia klachi, na mwalimu akamwambia mbele ya wenzake arudi kwenye cherehani yake. Alirudi nyumbani analia. Mumewe, karani mpole aliyekuwa na miwani mizito na hakuwahi kuendesha hata baiskeli, akachimba akiba yote akamnunulia gari hili la mkono wa pili. Akamkalisha ndani na kumwambia: "Kanyaga." Akakanyaga, klachi ikashuka hadi mwisho. "Unaona?" mumewe akasema. "Mguu wako unafika. Gari lao ndilo bovu."

Karani alikuwa amefariki miaka sita sasa, lakini neno lile lilikuwa bado linamwendesha Mama Cherehani kutoka shule hadi shule.

"Limenivunjikia getini, mbele ya watoto mia mbili," alimwambia fundi. "Nimekanyaga klachi, ikalala chini kama mlevi. Sijaiona ikiamka."

"Pole, mama. Tutaiamsha."

"Na uiamshe upesi, fundi. Nina sare za watu humo ndani, na watoto hawangoji, wanakua."

Kutoa pedali si kazi ya mtu mwenye kitambi. Nyoosha alichomoa waya wa betri, akakivuta nyuma kiti ambacho kilikuwa kimesogezwa mbele hadi mwisho wake, akatoa mto uliokuwa juu yake, kisha akalala chali, kichwa chini ya dashibodi na miguu nje ya mlango. Kutoka humo alizungumza na gari kama daktari na mgonjwa mkaidi. Akafungua waya wa klachi. Akatoa pini ya breki, akachomoa swichi ya taa za nyuma, akalegeza nati nne, kisha akahangaika na bolti moja ya juu, iliyojificha nyuma ya nguzo ya usukani, mahali ambapo aliyeibuni bila shaka alikuwa na ugomvi na mafundi. Vumbi la miaka lilimwangukia usoni pamoja na vifungo viwili vya shati na sindano, ambayo kwa bahati ilikosa jicho. Mwishowe mzigo wote ukashuka kifuani pake: pedali ya klachi na ya breki katika fremu moja ya chuma.

Fremu ilikuwa imepasuka palepale inaposhika ekseli ya pedali. Bushi zinazoibeba ekseli hiyo zilikuwa zimelika hadi kubaki jina. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: akasaga ufa hadi chuma kikang'aa, akachomelea, akatia bushi mpya na grisi, akaichezesha pedali kwa kidole na kufurahi peke yake.

Ndipo alipouona ule mkono wa pedali ya klachi. Ulikuwa umepinda, tena vibaya, kuelekea upande wa dereva. Juu ya mpindo kulikuwa na alama ndogo ndogo za nyundo, nyingi, za kubahatisha, nazo zilikuwa za zamani, zimeshika kutu. Mtu mwingine angejiuliza. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, kisha tunakua tunaacha kuuliza. Nyoosha aliona aibu kwa niaba ya kile chuma. Alikibana kwenye jiriwa, akakitia moto, akakipiga mara tatu, akakilinganisha na pedali ya breki hadi zikasimama sambamba kama ndugu wanaopigwa picha. Akazipaka rangi nyeusi zote mbili. Aliporudisha kila kitu, alikaa kitini akakanyaga kwa mguu wake mrefu, na klachi ikaitika.

Jumatano jioni mtoto mkubwa wa Mama Cherehani alikuja kulichukua; mama yake, aliyebanwa na sare, alimruhusu usukani kwa siku hiyo tu. "Fundi, limekuwa jipya," alisema. Nyoosha alilala usingizi mnono.

Alhamisi alasiri alirudi nyumbani akamkuta mkewe amekaa karibu na dirisha anatia vifungo. Mkewe ndiye aliyekuwa akimtilia Mama Cherehani vifungo na kumpigia pindo za mkono, na kwa hiyo habari za nyumba ile zilifika hapa kabla hazijapoa.

"Umesikia ya Mama Cherehani?"

"Gari linasumbua?"

"Gari halina neno. Mwenyewe ndiye ana neno. Leo asubuhi kaingia uani kwake aliwashe, mguu haufiki. Akijinyoosha, unafika nusu tu. Gari limerukaruka kama mbuzi, limeangusha pipa la maji. Kajaribu mara tatu."

"Si asogeze kiti?"

"Kiende wapi? Usukani uko tumboni tayari." Mkewe akakata uzi kwa meno. "Baadaye akatulia humo ndani muda mrefu, hasemi kitu. Yule, hasemi kitu! Akatoka, akampa mwanawe ufunguo. Anasema mguu umesinyaa kwa uzee na siku zake za kuendesha zimekwisha. Na mtoto wake unamjua, alikuwa anaingoja siku hiyo. Mnunuzi anakuja kesho saa sita."

Nyoosha alikishika kikombe cha chai asikinywe. "Mguu wa mtu hausinyai kati ya Jumanne na Alhamisi," alisema.

"Mwambie yeye. Analia."

Fundi akainuka, maana alipokuwa na dhiki moyoni alitafuta kitu cha kunyoosha. Mlangoni kulikuwa na gauni la bluu limetundikwa kwenye hanga, likingoja vifungo, na pindo lake la chini lilikuwa limekwenda upande.

"Hili nalo nani kalishona? Ona, kushoto kumepanda juu." Akanyoosha mkono alivute.

Mkewe akampiga kofi mkononi. "Acha! Hilo ni lake mwenyewe, kalikata hivyo makusudi. Likitundikwa limepinda, akilivaa linanyooka. Inchi mbili kamili. Kwani hujawahi kumtazama akitembea? Nguo zake zote ziko hivyo."

Nyoosha alisimama mbele ya gauni lile kwa muda ambao mkewe alitia vifungo viwili. Aliona kiti kilichosogezwa hadi mwisho. Aliona mto. Aliona zile alama ndogo za nyundo, nyingi, za mtu ambaye hajui kutumia nyundo lakini hakukubali kuacha.

"Mama watoto," alisema taratibu, "nimefanya ujinga."

"Upi tena?"

"Nimemnyooshea mwenzetu gauni lake."

Ijumaa jua lilimkuta getini kwa Mama Cherehani akiwa na futi ya mkewe mfukoni. Mtoto mkubwa alitoka na mswaki mdomoni, akamwambia gari limeshapata mtu.

"Nipe saa mbili tu, ndugu yangu. Kuna kazi sikuimaliza."

Mama Cherehani alikuwa ameketi barazani. Cherehani ilikuwa kimya nyuma yake, na hata utani hakumtania, jambo lililomtisha fundi kuliko matusi. "Mpe ufunguo," alisema. "Mimi gari sina tena, fundi. Nilikuwa nalo."

Nyoosha akaliendesha hadi gereji, akalala chali tena chini ya dashibodi, na mara hii ile bolti ya juu ikatoka bila ugomvi, kana kwamba nayo ilimhurumia. Kazi ilikuja kuwa ngumu mahali ambapo hakutarajia. Alikibana chuma kwenye jiriwa, akaweka futi, akatia alama kwa chaki kwenye inchi mbili, akakitia moto hadi kikawa chekundu, akainua nyundo, na mkono ukagoma. Miaka thelathini ya ufundi, na hakuwahi kupinda kitu kilichonyooka. Ilibidi ajihimize kwa sauti, "Samaki mkunje angali mbichi," halafu akapiga akiwa amefumba jicho moja.

Saa nne na nusu gari lilikuwa limerudi uani. Mama Cherehani alikataa kuingia.

"Usinitese, baba. Jana imetosha."

"Kanyaga mara moja tu, mama. Mguu usipofika, sitakuja tena kukusumbua."

Akaingia ili aondokewe na huyu mtu. Akajiweka sawa juu ya mto, akaegemea, akaupeleka mguu wa kushoto mbele kama mtu anayepima maji ya kuoga. Klachi ikashuka. Ikashuka hadi mwisho. Akaiachia, akaikanyaga tena.

"Umefika," alisema. Halafu kwa sauti iliyosikika hadi nyumba ya tatu: "Umefika! Kumbe haukusinyaa! Mguu wangu ni uleule!"

Hapo Nyoosha angeweza kufunga mkoba wake wa spana na kwenda zake. Pedali ilikuwa imepona, mwanamke alikuwa anacheka, na hakuna aliyekuwa akimdai maelezo. Anyamaze, maana akisema ataivunja ile hadithi aliyoishi nayo mama wa watu miaka yote hii? Alijaribu kunyamaza. Lakini uongo mdogo ulimkaa kifuani kama picha iliyopinda ukutani, na yeye picha ya namna hiyo hakuwahi kuipita.

"Mama," alisema, "mguu haukuwa na kosa. Kosa ni langu. Pedali ilikuwa imepindwa kuja kwako, inchi mbili, tangu zamani. Nikadhani imegongwa. Nikainyoosha bila kukuuliza. Nisamehe sana."

Kicheko kikakatika. "Imepindwa na nani?"

"Si fundi. Fundi angetumia moto, akapiga mara tatu akamaliza. Huyu aliigonga ikiwa baridi, kidogo kidogo, pengine mara mia. Sehemu nyingine nyundo ilimponyoka." Fundi aliyatazama mabuti yake. "Na alikuwa na kipimo. Nimeipinda kwa kipimo cha gauni lako, na imekukaa sawasawa na ya kwanza."

Mama Cherehani aliondoa mikono kwenye usukani akaiweka mapajani. Mwanawe alikuwa amesimama kando ya mlango.

"Mwaka ule tulipolinunua," alisema, "niliikuta futi yangu ina grisi. Futi mpya. Nikamuuliza marehemu, akaniambia alikuwa anapima mlango. Mlango gani una grisi? Nikamgombeza siku tatu, chakula nikampa bila kumtazama. Na mkono alikuwa ameufunga kitambaa, kidole kimevimba, akasema kimebanwa na droo ya ofisini." Machozi yalikuwa yanashuka, naye hakuyafuta. "Mtu ambaye hata msumari wa kalenda nilipigilia mimi. Akaja akanikalisha hapa, macho makavu, akaniambia mguu wangu unafika."

"Mama, basi..." mwanawe alianza.

"Wewe nenda kamwambie mtu wako asijisumbue kuja. Gari lina mwenyewe." Akawasha. Injini ikaitika, akamgeukia fundi, na sasa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, ulimi umerudi mahali pake. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya yule mwongo wangu nimeipita miaka ishirini na miwili, fundi, na bado naenda."

Akakanyaga klachi hadi mwisho, akatia gia, akatoka getini na sare za watu.